Chumvi Inayotembea

Nilidhani ni chumvi.
Maji yetu ya Kaptembwo yanajulikana,
hupaka meno ya watoto rangi ya chai,
huacha ukoko mweupe kwenye sufuria.
Basi nilipoona vidoa kwapani mwa begonia,
pale jani linaposhikana na shina,
nikasema ni bomba tu hilo,
nikapangusa kwa kidole.
Chumvi ikatembea.

Miaka kumi na saba nilikuwa skauti,
si wa skafu na paredi, wa kioo shingoni.
Safu baada ya safu chini ya plastiki
nageuza jani la waridi, nainama, nahesabu:
utitiri wanne, thripi wawili,
vidukari, andika "wengi".
Jioni namkabidhi Wafubwa karatasi
naye anaamua nani atakufa alfajiri,
wapulizaji wakivaa mitungi mgongoni
na sisi tukiambiwa tungoje getini.
Tulingoja. Upepo haukungoja.
Maua yakaenda ng'ambo bila doa,
mimi nikarudi nyumbani na kikohozi
na barua ya shukrani iliyokosea jina langu.

Begonia hii ni ya Chelagat.
Aliiacha dirishani siku ya ndege ya Doha,
ndani ya kopo la rangi lililotobolewa kwa msumari.
Mama, alisema, si wewe ndiye fundi?
Kila Jumapili huomba picha.
Nami humtumia upande unaocheka.

Nyaboke wa mlango wa pili alileta jivu.
Mumewe akaleta ushauri:
iko dawa sokoni, chupa ndogo, kifuniko chekundu,
puliza mara moja tu, hata mende watahama ploti.
Naijua dawa hiyo.
Naijua harufu yake
kama mke anavyozijua hatua za mlevi wake ngazini.
Chumba changu ni kimoja,
na anayelala chini ya dirisha ni Tirop,
miaka sita, mdomo wazi usiku kucha.
Nikasema asante, tutahangaika.

Tukahangaika.
Sabuni ya kipande iliyokwanguliwa, maji vuguvugu,
pamba, spiriti kidogo niliyomwomba muuguzi
nikimdanganya kwamba nina jipu.
Macho yangu hayafiki tena kwenye vitu vidogo,
kwa hiyo mtoto ndiye kioo changu.
Hapa, kogo. Na hapa. Huyu ana watoto.
Nikamwonyesha sisimizi kwenye ufa wa dirisha,
wanavyopanda kulamba utamu wa vidung'ata,
wanavyowalinda kama mbuzi wa maziwa.
Akauliza, sasa mwizi ni nani,
mbuzi ama mwenye mbuzi?
Nikampa pamba nyingine.

Hesabu aliiandika nyuma ya daftari la shule.
Jumatatu arobaini na mmoja.
Alhamisi kumi na tisa.
Jumamosi thelathini,
maana mayai hayasomi karatasi.
Nikakata tawi zima kwa kisu cha vitunguu,
lile lenye ua.
Mkono ulisita:
ndilo lililokuwa likipigwa picha.

Simu ya Jumapili.
Liko wapi lile la pinki, mama?
Nilitaka kusema limelala.
Tirop akaninyang'anya simu, akamwaga yote kwa pumzi moja,
wadudu, mbuzi, kisu, thelathini.
Kimya. Kiyoyozi kinanguruma huko Doha.
Halafu: Hukupuliza?
Sikupuliza.
Vizuri, akasema.
Sweta yako ya kazi, mama, ilikuwa inanuka
hata ikishafuliwa. Mimi ndiye nilikuwa naifua.

Sikujua alikuwa akinusa.

Leo asubuhi Tirop kageuza jani changa
kwa ncha ya kidole, bila kulibana,
kama nilivyofundishwa mimi nikamfundisha yeye.
Wangapi?
Mmoja, kogo. Ama ni chumvi. Sijui kama anatembea.
Leta pamba, nikamwambia,
lakini andika kwanza.